Kompyuta ya duka ya mwaka 1996 inaleta nyota na kuficha bidhaa, niitupe?

"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, mimi ndo namsaidia tangu macho yaanze kumsumbua. Stoo, wadaiwa na ankara zote ziko kwenye programu ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows, aliyoandikiwa na rafiki yake mwaka 1996, na huyo rafiki ameshafariki. Skrini ya bluu, maandishi ya njano, inaprinti kwenye ile Epson ya utepe. Sasa kuna mambo matatu. Asubuhi tukiwasha inaandika CMOS checksum error, nabonyeza F1, na tarehe inakuwa imerudi 1980. Pili, kuna bidhaa naziona kabisa kwenye orodha lakini nikitafuta kwa jina inaniambia haipo. Tatu, jumla ya mwezi siku hizi haitoki namba, zinatoka nyota tupu. Fundi mmoja kasema ni virusi, tufute kila kitu. Mdogo wangu anasoma IT chuoni, anasema programu imeandikwa kwa lugha inaitwa Clipper ambayo ilishakufa, tuchukue mfumo wa mtandaoni wa kulipia kila mwezi. Baba hataki hata kusikia. Nifanye nini? Na je, mtu wa leo ana faida yoyote kujifunza hiyo lugha?"

Marahaba mwanangu, na mzee mpelekee salamu zangu nyingi. Hiyo skrini ya bluu yenye maandishi ya njano naifahamu vizuri sana, miaka ya tisini nilikuwa naandikia watu programu za namna hiyohiyo, wenye maduka, vyama vya ushirika, wenye malori, na karibu wote walitaka kitu kilekile, stoo, wadaiwa na ankara. Kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo, univumilie.

Kwanza nikutoe hofu. Hayo mambo matatu sio ugonjwa mmoja, kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja kati ya hayo lenye dalili ya virusi. Ukimruhusu huyo fundi afute kila kitu atakuwa amefuta daftari la wadaiwa la baba yako kwa sababu ya betri. Na pia hapo mezani kwenu pana vitu vitatu tofauti ambavyo watu wanavichanganya: kuna mashine, kuna programu, na kuna data. Mashine ikifa kesho inauma lakini inapona, mashine zipo. Programu inaweza kuhamishwa ikaishi kwingine. Data ndo yenyewe, nani anadaiwa shilingi ngapi, nondo ngapi zimebaki, fundi gani huwa anapewa bei ya jumla, hiyo hakuna duka linaiuza. Anayekwambia tupa na anayekwambia nunua wote wanaongea kana kwamba hivyo vitatu ni kitu kimoja, ndo maana unabaki umechanganyikiwa na mzee naye anakasirika, na kusema kweli mzee ana haki ya kukasirika.

Tuanze na hiyo tarehe. Kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, kuna kibetri bapa cha mviringo, mara nyingi kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kuishikilia saa na kumbukumbu ndogo ya mipangilio wakati umeme haupo, humo ndo mashine inakumbuka leo ni tarehe ngapi na diski iliyofungwa ni ya aina gani. Kikiisha, kila asubuhi mashine inaamka haijui lolote, inakuuliza F1, na tarehe inarudi mwanzo, DOS hesabu yake ya tarehe inaanzia 1 Januari 1980 basi huko ndo inakoangukia. Kibetri kinauzwa hata na mafundi wa saa na bei yake ni ndogo. Ila msikilize mtu aliyeona mengi: usibadilishe kabla hujaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine na kuandika kwenye karatasi, au kupiga picha kwa simu, namba zote za diski zinazoonekana pale. Kwenye mashine za zamani zile namba zikipotea na mashine ikashindwa kuitambua diski yenyewe, utaambiwa hakuna diski, utadhani imekufa, kumbe haijaambiwa tu ni ya aina gani. Na ukifungua ukakuta badala ya kibetri bapa kuna kapipa kadogo kamechomelewa kwenye bodi, kamezungukwa na ungaunga wa kijani au mweupe, usikaguse, hako kamevuja na kanakula njia za shaba za bodi, peleka kwa fundi wa kuchomea.

Betri inaonekana jambo dogo lakini angalia inachofanya kwenye hesabu. Siku ambayo hukurekebisha tarehe, mauzo ya siku hiyo yote yamegongwa mwaka 1980. Ripoti ya mwezi huu haiyaoni kwa sababu si ya mwezi huu. Ukiona mwezi unatoka mdogo kuliko pesa iliyoko kwenye droo, anzia hapo, toa ripoti ya Januari 1980 uone nini kimejificha. Watu wengi wanadhani haya ni mambo ya mwaka 2000 yaliyochelewa. Hapana, kwenye mafaili ya Clipper tarehe inahifadhiwa tarakimu nane, mwaka mzima wa tarakimu nne kisha mwezi kisha siku, kwa hiyo ndani ya faili hakuna utata. Utata ulikuwa kwenye kuandika, unaandika 01 programu inadhani 1901, na huyo rafiki wa baba yako bila shaka alishaweka mstari wa kurekebisha hilo maana mmefika hadi leo. Mungu amrehemu, alifanya kazi nzuri.

Sasa bidhaa inayoonekana kwenye orodha halafu ukiitafuta haipo. Hapa ndo pananoga, maana ukipaelewa hapa umeielewa programu yote.

Data yenu iko kwenye mafaili yanayoishia na DBF. Pembeni yake kuna mafaili yanayoishia na NTX, hayo ndo indeksi. Faili la DBF limepangwa kwa mfuatano wa jinsi mlivyoingiza vitu, misumari ya 1996 iko juu, rangi iliyoletwa jana iko chini kabisa. Ukimwambia mtu akutafutie kitu kwenye orodha hiyo ataisoma yote. Indeksi ni kama faharasa ya mwisho wa kitabu, majina yamepangwa kwa alfabeti na kila jina lina namba ya mahali lilipo. Programu ikitafuta kwa jina haisomi DBF kabisa, inasoma NTX, ikipata namba inaruka moja kwa moja. Ndani ya maandishi ya programu sehemu hiyo huwa inafanana na hivi:

USE BIDHAA INDEX JINA
SEEK cJina
IF FOUND()
   REPLACE IDADI WITH IDADI - nUzwa
ENDIF

Hata kama hujawahi kuandika programu maisha yako yote, soma hiyo mara mbili utaelewa inafanya nini: tumia faili la bidhaa na indeksi ya jina, litafute jina, ukilipata punguza idadi kwa kiasi kilichouzwa. Mimi nilitokea kwenye lugha ya zamani zaidi ya GW-BASIC, huko kufungua faili tu na kupata mstari unaoutaka ilikuwa kazi ya nusu siku, nilipoiona hii nilisema basi, hapa nimefika.

Sasa piga picha umeme umekatika wakati mnaingiza bidhaa mpya. Bidhaa imeshaandikwa kwenye DBF lakini jina lake halijawahi kufika kwenye NTX. Hapo ndo unapata kichekesho chako, kwenye orodha ipo, kwenye utafutaji haipo. DOS na Windows za wakati ule zilikuwa na tabia ya kushikilia maandishi kwenye kumbukumbu kwanza kisha kuyapeleka diskini baadaye kidogo ili kwenda haraka, na umeme haukusubiri hiyo baadaye. Dawa yake ni kuijenga indeksi upya. Programu nyingi za zamani zina sehemu kwenye menyu, imeandikwa Reindex au Panga upya, wengine tuliificha kwenye menyu ya mwisho ili wauzaji wasiichezee. Kama haipo, kuna programu ambazo ukiliondoa faili la NTX zenyewe zinalitengeneza upya zikianza, lakini nyingine zitagoma kuanza kabisa, ndo maana nasema jaribio hilo lifanyike kwenye kopi, kamwe sio kwenye mashine ya baba. Na kujenga upya kutoka mwanzo ni bora kuliko ile amri ya REINDEX, maana REINDEX inategemea kichwa cha indeksi ileile ya zamani, kikiwa kimeharibika unapanga upya juu ya uharibifu.

Kuna dada yake tatizo hilo ambaye hukumtaja lakini uwezekano mko naye. Mwanzoni mwa kila DBF kuna kichwa kinachosema rekodi ziko ngapi. Umeme ukikatika rekodi zinaweza kuwa zimeandikwa huko chini lakini ile hesabu ya juu haijaongezwa, na programu inaamini hesabu ya juu, zile za chini haizioni kabisa. Nikuonyeshe. Ukifungua faili kwa kifaa cha kuonyesha baiti moja moja, baiti ya tano hadi ya kumi na mbili zinaweza kusomeka hivi:

84 0D 00 00 A2 01 60 00

Zinasomwa kwa kurudi nyuma, na zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita. Nne za kwanza ni 0D84, yaani rekodi 3,460. Mbili zinazofuata ni 01A2, kichwa kina baiti 418. Mbili za mwisho ni 0060, kila rekodi ina baiti 96. Kwa hiyo faili zima linatakiwa kuwa 3,460 mara 96, jumlisha 418, jumlisha baiti moja ya mwisho, inakuja 332,579. Sasa ukiangalia ukubwa wa faili ukakuta 335,459, kuna baiti 2,880 za ziada, gawa kwa 96 unapata 30. Hizo ni rekodi 30 zilizoandikwa kikweli ambazo hakuna ripoti itakayozionyesha mpaka mtu arekebishe ile hesabu ya juu. Mdogo wako wa IT anaweza kuifanya hesabu hii kwa kila faili jioni moja, na ataona kitu ambacho sidhani kama chuoni kwao wanafundisha.

Na kabla sijasahau, rekodi mliyoifuta kwenye mafaili haya haiondoki hapohapo. Inawekewa nyota kwenye baiti yake ya kwanza tu, inabaki palepale mpaka mtu aamuru PACK. Kama kuna mdaiwa aliwahi kufutwa kwa bahati mbaya, mwambie mzee asikate tamaa kwanza.

Nyota za jumla ya mwezi sasa, ambazo ni tofauti na hiyo nyota ya kufuta. Hizi zinasababishwa na thamani ya shilingi. Mwaka 1996 dola moja ilikuwa kama shilingi 600 hivi, miaka ya karibuni imezidi 2,400. Mwandishi alipotengeneza ripoti alitenga nafasi ya tarakimu kumi, na hapo nukta imechukua moja na senti mbili, zinabaki saba. Kubwa kuliko zote inayoingia ni 9,999,999.99. Milioni kumi kwa mwezi kwenye duka la Tanga wakati ule nani angeifikiria? Clipper ikipewa namba ambayo haienei kwenye nafasi iliyotengwa haikudanganyi kwa kukata tarakimu, inakujazia nyota, maana yake namba ipo lakini nafasi haitoshi. Kwa kweli mimi naipenda hiyo tabia, zipo lugha ambazo zingekata kimyakimya mkatembea na jumla ya uongo. Kwa hiyo hesabu imepigwa sawa, kilichofinywa ni mahali pa kuionyesha. Leo hii, kabla hujarekebisha chochote, unaweza kutoa ripoti ya tarehe 1 hadi 15 kisha 16 hadi mwisho ukajumlisha mwenyewe. Ila chunga kitu kimoja, kama nyota zinatokea hata ukiangalia deni la mteja mmoja, au programu inakatika na kuandika Data width error, hapo nafasi iliyojaa ni ya ndani ya faili lenyewe na inabidi ipanuliwe, hiyo sio kazi ya kubahatisha.

Umeona, betri, umeme kukatika, na shilingi. Hakuna virusi hapo.

Tuje kwenye kopi, na hii naomba uifanye wiki hii, hayo mengine yote yanaweza kusubiri. DOS haijui flashi ni nini, na Windows 98 inahitaji draiva yake kwa kila flashi, kwa hiyo usihangaike kuchomeka flashi huko. Njia nzuri ni kuitoa diski yenyewe na kuisoma kwenye kompyuta mpya kwa adapta ya IDE kwenda USB, ile yenye tundu la pini 40 na waya wake wa umeme wa pini nne. Ikiunganishwa, na kompyuta mpya ikakwambia diski hii inahitaji kuformatiwa, jibu ni HAPANA, rudi nyuma, angalia waya na kile kijampa, kijiplastiki cha kuunganisha pini, cha nyuma ya diski. Usiendeshe ScanDisk wala CHKDSK wala kitu chochote cha kutengeneza kabla ya kukopi, hivyo vinaandika juu ya diski na diski ya miaka hiyo inaweza ikawa imebakiza pumzi chache, zisitumike kwenye matengenezo. Kopi diski nzima, sio folda moja, maana huwezi kujua maandishi ya programu yamewekwa wapi. Kopi zikae sehemu mbili tofauti, moja isiwe dukani. Na umprintie mzee faili la wadaiwa kwenye karatasi, hilo litamtuliza kuliko maelezo yangu yote.

Ukiwa umekopi, fungua BIDHAA.DBF ya kopi kwa LibreOffice, itakuuliza aina ya herufi, chagua ile ya 437 au 850, na utaona stoo yote imepangwa mbele yako kwenye jedwali. Hapo ndo utaamini kwamba hiyo data haijafungwa kwenye lugha iliyokufa. Usihifadhi tu kwa jina lilelile maana inaweza kubadilisha upana wa nafasi na programu ya zamani ikaikataa.

Sasa njia zilizopo. Ya kwanza ni kuifufua mashine hiyohiyo, betri, kusafisha vumbi, kubadilisha ile diski kwa kadi ya CompactFlash ambayo kwa umeme wake inaelewana na IDE na haina kitu kinachozunguka ndani. Inafanya kazi, lakini nyie mko pwani, chumvi ya hewani imeshakaa kwenye hizo pini miaka yote, na kapasita za umri huo huvimba vichwa. Kama ukifungua ukaziona kapasita zimevimba au zimetoa maji ya kahawia, unanunua muda mfupi tu.

Ya pili ndo ambayo ningeanza nayo mimi: kuihamishia programu ileile kwenye kompyuta mpya ndani ya mashine ya kuigiza. Huwezi kuibonyeza tu ikaanza, Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 ile hali yake ya kuigiza 8086 haipatikani tena, na Microsoft waliiondoa sehemu iliyokuwa inashughulikia hilo. Ila kuna DOSBox-X, ambayo ni ya bure, na vDos, zinatengeneza DOS ya kuigiza ndani ya dirisha. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya magemu na haijali kuprinti, hizo mbili nilizotaja zinaprinti. DOSBox-X ina faida nyingine, unaweza kupunguza kasi. Programu za enzi zile nyingine zilikuwa zinapima kasi ya mashine mwanzoni kwa kuhesabu mizunguko, zikikutana na prosesa ya leo hesabu inafurika na zinakufa kabla hata ya menyu, mtu anasema haiendani na mashine mpya kumbe inatakiwa ipunguzwe mwendo tu. Ukipata ujumbe wa faili nyingi zimefunguliwa, ni mpangilio wa FILES, ambao kwenye DOS halisi hukaa kwenye CONFIG.SYS, unatakiwa kuongezwa. Baba yako atawasha asubuhi ataona skrini yake ya bluu ileile, vitufe vilevile ambavyo vidole vyake vinavijua hata kama macho hayaoni vizuri, na herufi unaweza kuzikuza zijae skrini nzima. Kama mna kompyuta mbili zinazotumia mafaili yaleyale kwa pamoja, hapo usifanye peke yako, kufungiana mafaili ndani ya kuigiza kunaweza kuharibu data.

Ya tatu inategemea kama mtapata maandishi ya programu, mafaili yanayoishia na PRG. Yakiwepo, kuna kitu kinaitwa Harbour, ni kompaila huria (kigeuzi cha maandishi kuwa programu kamili) iliyoanza mwaka 1999 inayoelewa lugha ya Clipper, inaikompaili kuwa programu ya kisasa ya Windows au Linux bila kuigiza kitu. Hapo zile nyota zinarekebishwa kwa kupanua nafasi kwenye mstari mmoja wa ripoti. Yasipokuwepo bado kuna tumaini, Clipper haigeuzi kila kitu kuwa lugha ya mashine, inaacha ndani ya EXE, lile faili la programu iliyokamilika, maagizo yake ya kati pamoja na majina mengi, na zipo zana za kuyarudisha yasomeke, ila hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea.

Ya nne ni huo mfumo wa mtandaoni. Siupingi. Mzee anaweza kuona mauzo kwenye simu akiwa nyumbani, na kazi ya bakapu, yaani kutunza kopi za akiba, haiko mikononi mwenu. Lakini muulize muuzaji maswali haya kabla ya kutoa hela: intaneti ikikatika mchana naendelea kuuza au nasimama? Wadaiwa wangu wa zamani mtawaingiza nyie au nitachapa mimi mmoja mmoja? Nikiacha kulipa, natoka na data yangu kwa faili la aina gani? Hilo la mwisho ndo kubwa. Leo data yenu iko kwenye faili ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulifungua bila kumwomba mtu ruhusa, usibadilishe hilo kwa kitu kinachofungwa ukichelewa mwezi mmoja. Na mkihamia, endesheni vyote viwili sambamba, angalau mpite kufunga hesabu za mwezi na kuhesabu stoo, ndipo mzime cha zamani. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ziko palepale kwa njia yoyote mtakayochagua, hilo mliulizie kwa mhasibu wenu.

Kuna mahali inabidi umwite mtu aje. Diski ikitoa sauti ya kugonga, tki tki tki, zima hapohapo usiwashe tena kujaribu, kila ukiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa, hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data. Usifungue kile kiboksi cha umeme cha ndani wala ile monita ya tumbo kubwa, vinahifadhi umeme hata vikiwa vimechomolewa na vinaweza kuua. Na kupanua nafasi za mafaili au kurekebisha vichwa vya DBF kwenye data ya kweli kufanywe na mtu atakayekuonyesha kwanza kwenye kopi.

Haya, lugha iliyokufa. Mwambie mdogo wako nimemwelewa lakini aangalie ilikotoka. Mmarekani mmoja, Wayne Ratliff, aliyekuwa anafanya kazi kwenye maabara ya JPL kule California, alitengeneza lugha ya kutunza data ambayo baadaye kampuni ya Ashton-Tate iliiuza kwa jina la dBASE. Mwaka 1985 kampuni ya Nantucket ikatoa Clipper, kompaila ya lugha hiyohiyo, ukawa unaandika programu yako na kumpa mteja EXE moja bila yeye kununua dBASE. Mwaka 1992 Computer Associates wakainunua Nantucket, na mwaka huohuo Microsoft wakainunua Fox Software, wenye FoxPro, ndugu yao mwingine. Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na kompyuta zilipokuja kuingia kwa wingi, dBASE na Clipper ndo zilizokuwa zinatamba kwenye maofisi. Ndo maana ukichimba kwenye stoo za maofisi na maduka ya zamani Tanzania utakutana na DBF.

Je ajifunze? Ajira za Clipper hazipo za kutosha kumjengea mtu maisha, sitamdanganya, aendelee na anachosomea. Lakini ajifunze kiasi cha kuisoma programu ya baba yenu, na kwa mtu anayejua Python tayari haitamchukua muda mrefu, aanze na dbfread, ni maktaba ya Python inayosoma DBF moja kwa moja. Sababu ni kwamba ndani ya hizo PRG mna sheria za duka ambazo hazijaandikwa mahali pengine popote: nani anapata bei ya jumla na kuanzia mifuko mingapi, bati lililopinda linatolewa vipi kwenye stoo, deni likivuka kiasi gani ankara inakataa kutoka. Rafiki wa baba aliyasikia hayo kwa mdomo, wakiwa wamekaa dukani, akayaandika. Atakayewatengenezea mfumo mpya bila kuyasoma atayakosa, na mzee ataona programu mpya haimjui.

Kwa hiyo jioni moja kaa na mzee umuulize disketi za rafiki yake ziko wapi. Watu wa enzi zetu tulikuwa tunamwachia mteja disketi moja au mbili kwenye bahasha, pembeni ya mwongozo wa printa au kwenye droo ya vitabu vya risiti. Zinaweza kuwa zimeota kuvu, ukiona madoa kwenye ule mduara wa ndani usizichomeke kwanza, zitachafua kichwa cha kusomea na kuharibu hata nzuri zitakazofuata, mpelekee anayejua kuzisafisha. Zikisomeka, tafuta kila kinachoishia na PRG.